Barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za uzazi: tupeni hizo saa nne

Waheshimiwa,

Hodi. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikikosa maneno ya ofisini. Mimi ni mkunga. Ninaomba mambo mawili: mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki ya mjamzito, wa kuandika kama ana bakteria aitwaye streptokokasi kundi B, anayeweza kumuua mtoto mchanga, na ruhusa ya maandishi ya mkunga kuanza penisilini ya mshipani ya kumkinga mtoto bila kungoja daktari apatikane. Mengine yote nitakayoyasema yanazunguka hayo mawili.

Nianze na hesabu ya saa, maana ndiyo inayoninyima usingizi.

Mama mmoja alifika leba akiwa na mimba ya wiki 38, uzazi wa pili. Dada aliyempokea akamuuliza chupa imepasuka saa ngapi. Mama akajibu, "Tangu saa mbili." Alimaanisha saa mbili ya usiku uliopita. Yule dada alikuwa na wajawazito wengine watatu wanamngoja mlangoni, akaandika 2:00. Kwenye fomu zetu, zinazohesabu saa 24 kuanzia katikati ya usiku, 2:00 ni saa nane usiku. Saa sita zikapotea hapo, kwa kalamu moja, na hakuna aliyeziona zikienda.

Mwongozo unasema chupa ikikaa imepasuka kwa saa 18 au zaidi na mtoto hajazaliwa, mama apewe dawa ya kumkinga mtoto. Ilipogonga saa nane mchana, saa 18 zilikuwa zimetimia. Kwenye karatasi zilikuwa 12. Mtoto alizaliwa saa kumi na mbili jioni, akalia kwa nguvu, uzito mzuri, rangi nzuri. Karatasi ilisema saa 16, ukweli ulikuwa saa 22, na mama hakupata dawa hata tone.

Bibi wa mtoto ndiye aliyeona kwanza. Saa nne usiku aliniita: "Sista, hebu njoo umsikilize mjukuu wangu. Anaguna kama mzee anayetua mzigo." Mama wa kitanda cha jirani akacheka. Nikamfunua mtoto. Mbavu zilikuwa zinabonyea kila akivuta pumzi, na pua zimetanuka. Nikahesabu kwa dakika nzima, kama tulivyofundishwa, si kwa nusu dakika kisha kuzidisha: pumzi 74. Ziwa alikuwa ameliacha tangu alipoonjeshwa jioni. Mama alidhani amechoka na safari ya kuzaliwa. Kule kuguna ni mtoto anayebana koo ili hewa ibaki ndani na mapafu yasinywee. Ni kazi ngumu kwa mtu mwenye umri wa saa nne.

Ampisilini na jentamaisini zilianza ndani ya nusu saa, pamoja na oksijeni. Alfajiri ya siku ya pili akatutoka. Siku ya tatu mtu wa maabara alipiga simu wodini: damu imeotesha streptokokasi kundi B, penisilini inamuua vizuri. Kabla hajakata simu akauliza, "Mtoto anaendeleaje?"

Simlaumu yule dada, na sitaki mtu amtafute. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, fomu inahesabu vingine, na katikati yake yupo mtu aliyechoka. Tangu siku ile mimi namuuliza mama, "Ilikuwa giza au mwanga?" kisha naandika kwa maneno kamili. Hiyo ni dawa yangu ya kienyeji. Yenu inatakiwa iwe kubwa zaidi.

Huyu bakteria si mgeni. Jina lake la kitaalamu, Streptococcus agalactiae, limebeba maana ya kukosa maziwa, kwa kuwa waliomjua mwanzo walikuwa watu wa mifugo. Alikuwa akiwaumiza ng'ombe viwele hadi maziwa yanakatika. Kwa binadamu anakaa utumboni na ukeni, kimya kabisa. Katika wajawazito 100 duniani, wapatao 18 wanaye. Hawawashwi, hawana homa wala harufu, na wengi wataishi hadi uzee bila kumjua. Huja na kuondoka: aliyepimwa mwezi wa nne akaonekana hana anaweza kuwa naye mwezi wa tisa.

Mama mwenyewe humsumbua mara chache, ingawa anaweza kumletea maambukizi ya mkojo au ya mji wa mimba. Tatizo ni mtoto. Chupa ikishapasuka bakteria hupanda juu, au mtoto humpata anapopita. Mama 100 walio naye wakijifungua bila dawa, watoto kama 50 watatoka naye mwilini, na mmoja au wawili kati ya wale 100 wataugua katika wiki ya kwanza, wengi ndani ya siku ya kwanza: maambukizi ya damu, nimonia, au homa ya uti wa mgongo.

Mmoja au wawili kati ya 100. Najua namba hiyo inavyosomeka mezani: ndogo. Lakini Shirika la Afya Duniani, pamoja na chuo cha afya ya umma cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, waliizidisha kwa wajawazito wa dunia nzima wakatoa ripoti Novemba 2021. Watoto wachanga karibu 400,000 huugua kila mwaka. Makadirio ya vifo vyao yanafikia 91,000. Wengine 46,000 huzaliwa wafu, na zaidi ya nusu milioni huzaliwa njiti. Karibu nusu ya vifo hivyo viko Afrika kusini mwa Sahara. Bado hujahesabu wanaopona homa ya uti wa mgongo wakabaki hawasikii, hawaoni, au na mwili usiotii.

Sasa niwaambie kwa nini naziita saa nne, nami sina maana ya saa nne asubuhi. Kinga ni penisilini ileile ya siku zote: uniti milioni 5 mshipani uchungu ukishaanza au chupa ikishapasuka, kisha uniti milioni 2.5 hadi 3 kila baada ya saa nne mpaka mtoto azaliwe. Ampisilini pia hufaa. Dawa inapita kwenye kondo, inaingia kwenye damu ya mtoto na kwenye maji yaliyomzunguka, na huku chini inawapunguza bakteria njiani. Ili tuseme mtoto amelindwa inavyotakiwa, dozi ya kwanza iwe imeingia angalau saa nne kabla hajatoka. Ya kuchelewa nayo itolewe, si ya kudharau, ila haina nguvu ileile.

Fikirieni mama wa uzazi wa tatu anayefika njia imeshafunguka sentimita nane. Huyo hana saa nne za kunipa. Nikianza pale kumuuliza kama mtoto wake wa kwanza aliwahi kulazwa, anajibu katikati ya uchungu, anajibu nusu, na pengine anajibu kwa niaba yake mtu aliyemsindikiza asiyejua lolote. Dawa ipo kabatini, hatua kumi kutoka kitandani. Kinachokosekana ni kujua mapema. Taarifa inatakiwa imtangulie mama, na kitu pekee kinachomtangulia, au angalau kinachoingia naye mlangoni, ni ile kadi.

Ndiyo maana nalilia mstari.

Kuna mambo mawili tunayoyajua miezi mingi kabla ya uchungu na bado tunayapoteza. La kwanza ni mkojo. Mjamzito akioteshwa mkojo ukatoa bakteria huyu, hata kwa kiwango kidogo, maana yake anaye kwa wingi, na anatakiwa apate dripu ya penisilini siku ya kujifungua hata kama alishatibiwa akapona. Nimewahi kuona jibu la namna hiyo limekunjwa mara nne ndani ya jalada la kliniki, limebanwa na pini, wakati mwenye jibu yuko leba nyuma ya ukuta na kadi isiyosema kitu. La pili ni mtoto aliyetangulia: mama ambaye mtoto wake wa nyuma aliugua ugonjwa huu hahitaji kipimo chochote tena, anahitaji dawa. Mambo mengine tunayakuta leba: uchungu kabla ya wiki 37, chupa iliyokaa saa 18, homa ya nyuzi 38 kwenda juu. Hayo tutayashughulikia wenyewe, mkitupa ruhusa. Yale mawili hatuwezi kuyaota.

Mstari wenyewe uwe na nafasi ya neno "ndiyo" au "hapana", tarehe, na jinsi ilivyojulikana: mkojo, kijiti cha pamba cha kupimia, au mtoto aliyetangulia. Basi. Na tafadhali msiuweke jirani na VVU na kaswende. Huyu si ugonjwa wa zinaa, ni mkazi wa utumbo kama bakteria wengine, lakini waume husoma kadi, na mawifi pia. Nimeshamtuliza mama aliyeulizwa na mumewe amemtoa wapi bakteria, na kikao hicho kilichukua muda mrefu kuliko kuzaa. Mstari ukae chini ya kipimo cha mkojo, watu wausome kama jambo la mkojo.

Kuhusu ruhusa, nitasema waziwazi. Mama akianza kifafa cha mimba, mkunga anaaminiwa kumpa magnesiamu salfeti akiwa peke yake usiku wa manane. Akitoka damu baada ya kuzaa, tunaaminiwa na oksitosini. Ila penisilini, dawa ambayo imekuwepo kabla hatujazaliwa, inangoja sahihi ya mtu aliye chumba cha upasuaji na hatatoka kwa saa mbili. Hizo saa mbili ni nusu ya saa nne zetu. Ninajua hofu ni mzio. Inastahili: wapo wachache sana wanaoweza kuanguka ghafla, na kwa ajili yao adrenalini iwe kwenye trei kabla sindano haijaguswa, na swali la mzio liulizwe kliniki, si leba. Aliyewahi kupata vipele vidogo tu anaweza kupewa sefazolini. Aliyewahi kuvimba koo au kukosa pumzi ndiye hasa wa kumwita daktari, maana klindamaisini inafaa kwake ikiwa tu maabara imethibitisha kwamba inamuua bakteria aliye naye. Andikeni hivyo kwenye ukurasa mmoja na tutaufuata.

Je, tuwapime wajawazito wote? Hapa wenye elimu kuliko mimi hawajakubaliana, na sitawadanganya kwamba wamekubaliana. Marekani walitoa mwongozo wao wa kwanza 1996, na 2002 wakaamua kila mjamzito apimwe. Siku hizi wanapima kuanzia wiki ya 36 hadi mwisho wa wiki ya 37. Mwaka 1990 watoto 1.8 katika kila 1,000 waliozaliwa hai waliugua katika wiki ya kwanza; 2015 walikuwa 0.23. Uingereza hawapimi wote, wanafuata dalili za hatari. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2015, linasema mama anayejulikana kuwa na bakteria huyu apewe dawa wakati wa uchungu. Kwa maoni yangu, penye maabara inayoweza kuotesha, pimeni. Pasipo na maabara, anzeni na dalili za hatari kesho asubuhi, msikae mkingoja maabara ijengwe. Anayefuata dalili peke yake atawakosa baadhi, kwa sababu wapo watoto wanaougua ambao mama zao hawakuwa na dalili hata moja. Atawapata wengine. Sasa hivi hatumpati mtu.

Na mkiamua kupima, pimeni kipimo chenyewe. Kijiti chenye pamba kinapitishwa sehemu ya chini ya uke, kisha kijiti hichohicho kinaingizwa kidogo kwenye njia ya haja kubwa. Wengi huruka hiyo ya pili kwa aibu, na kwa kuiruka wanawakosa akina mama wengi, kwa sababu makao ya bakteria ni utumbo. Hakuna haja ya kumpanua mama kwa chombo. Anaweza kujichukulia mwenyewe chooni akielekezwa vizuri. Maabara nao wakiotesha kwenye sahani moja kwa moja watakosa wengi. Sampuli inatakiwa ilale usiku mmoja kwenye supu maalumu ya kuwakuza, ndipo ipelekwe kwenye sahani. Jibu hilo linatumika kwa wiki tano, kisha linachakaa.

Kuna jambo dogo linalonikera, nilitaje nipite. Wapo wanaowaandikia akina mama vidonge wiki ya 30 ili "kumsafisha" bakteria kabla ya wakati. Haisaidii. Vidonge vinaisha, bakteria anarudi kutoka utumboni, na mama anafika leba akijiona amemaliza kazi. Maambukizi ya mkojo yatibiwe, ndiyo, lakini kinga ya mtoto ni dripu ya siku ya uchungu. Na mama anayefanyiwa upasuaji uliopangwa, uchungu haujaanza na chupa nzima, hahitaji dripu hiyo ya kinga hata kama ana bakteria.

Mtaniuliza kuhusu usugu wa dawa. Ni swali la haki, nami nalihofia kuliko ninyi, kwa sababu ninaona vichanga ambao dawa ya kwanza na ya pili hazikufua dafu. Jibu langu ni lilelile la mstari. Tusipojua nani ana hatari, tunafanya moja kati ya mawili: tunamnyima anayehitaji, au siku tukishikwa na hofu tunampa kila mtu chochote kilichopo, hata dawa pana zinazoua kila kitu. Penisilini ni dawa nyembamba, inalenga. Kumpa aliyeandikwa kwenye kadi ni matumizi madogo kuliko siku kumi za dawa mbili kwa kichanga aliyeugua.

Dripu yangu hata hivyo ina mpaka. Ugonjwa huu una sura ya pili, ile inayomjia mtoto kuanzia siku ya 7 hadi ya 89, na hiyo dawa ya leba haiizuii. Wakati huo mtoto yuko nyumbani. Sisi tunamruhusu mama siku ya pili na ushauri wa kitovu na wa kliniki ya chanjo, wote wa maana, lakini hatumwambii hili. Ningetaka kila mama atoke akijua kulisema kwa maneno yake mwenyewe: mtoto akiguna, akikataa ziwa, akilegea kama nguo iliyolowa, akiwa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, akihema zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, au akipata degedege, usingoje asubuhi. Na anayepokea mgonjwa huko mapokezi naye ajue kwamba mtoto wa wiki tatu aliyelegea haketi kwenye foleni. Yule bibi aliyeniita hakusomea kitu. Alikuwa amelea watoto, akasikia sauti asiyoizoea.

Chanjo inatafutwa. Tangu 1976, watafiti wa Marekani Carol Baker na Dennis Kasper walipoonyesha kwamba watoto waliougua walikuwa wa mama wenye kingamwili chache, imejulikana njia iko wapi: mchanje mama, kingamwili zipite kwenye kondo, mtoto azaliwe nazo. Zipo chanjo zinazojaribiwa kwa wajawazito sasa. Ikipatikana itafika pale dripu isipofika, kwa mtoto wa wiki ya sita na kwa yule anayezaliwa njiani. Mpango wa dunia wa kutokomeza homa ya uti wa mgongo ifikapo 2030 umemtaja bakteria huyu kati ya wanne wakuu. Siku chanjo itakapogawiwa mtaulizwa: kwenu wagonjwa ni wangapi? Mtafungua madaftari yetu na kukuta "homa ya kichanga", "alishindwa kupumua", "sababu haikujulikana". Yule mtoto wa saa mbili usiku ameandikwa hivyo. Jibu la maabara lilifika cheti kikiwa kimeshatolewa.

Naambiwa kadi haina nafasi, kwamba imeshajaa na kuchapisha upya ni mlolongo. Nimeichukua kadi na rula. Chini ya kipimo cha mkojo, juu ya ule mchoro wa mama na mtoto ambao hakuna anayeuangalia, kuna sentimita moja na nusu tupu, kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa sasa ninaandika hapo kwa mkono, kwa wino mwekundu.

Wenu,
Mkunga wa wodi ya wazazi